Mlo wa saa kumi hauna mwenyewe

Mtoto wa shule ya msingi aliyekula chakula cha mchana saa saba huketi mezani tena saa mbili usiku. Katika muda huo wa saa saba huwa amecheza kandanda, amehudhuria masomo ya ziada au madrasa, kisha akatembea kutoka mjini hadi Likii. Mwili unaokua hauwezi kungoja hivyo. Mzazi humtilia shilingi 20 mfukoni, na mtoto hujiamulia cha kula.

Huamua nini? Simama saa kumi karibu na lango la shule hapa Nanyuki nawe utaona: peremende, krispi, chipsi, mandazi, soda. Siku hizi huzungumzwa sana juu ya unene wa watoto, na ni kweli upo. Lakini wengi ninaowatibu ni wembamba, wenye meno yaliyooza na damu pungufu. Watoto hawa hushiba bila kulishwa.

Soda ya mililita 300 huwa na karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba mtoto wa kati ya miaka 2 na 18 asizidishe vijiko sita vya sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Peremende nayo huumiza meno zaidi kwa sababu hukaa kinywani, na bakteria hupata muda mrefu wa kugeuza sukari hiyo kuwa asidi inayokula jino.

Upungufu wa damu wahitaji maelezo zaidi, kwani wazazi huudhania uvivu. Mtoto husinzia darasani, huhema upesi akicheza, ndani ya kope zake za chini hupauka, na wengine hula udongo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Shirika la Afya Duniani huagiza kipimo cha damu kirekebishwe kulingana na mwinuko, kwa hivyo kiwango kinachotosha Mombasa chaweza kuwa pungufu hapa. Ukimpeleka mtoto kupimwa, muulize daktari kuhusu jambo hilo, na pia kuhusu dawa ya minyoo.

Chai yetu pendwa nayo ina lawama. Ikinywewa pamoja na githeri au maharagwe huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini ipasavyo. Chungwa au pera hufanya kinyume chake. Basi githeri iliyobaki mchana ni chakula kizuri cha saa kumi, bora iandamane na tunda, na chai ingoje saa moja hivi.

Ombi langu ni kwa walimu wa masomo ya ziada, makocha na wasimamizi wa vilabu vya kanisa na madrasa. Shilingi 20 za mtoto mmoja hazinunui kitu cha maana. Za watoto 30 ni shilingi 600, nazo sokoni hununua ndizi au viazi vitamu vya kuwatosha wote. Viazi vyetu vya mlimani ni chakula bora vikichemshwa na maganda yake. Ajabu ni kwamba twavithamini tu vikishaogelea katika mafuta yaliyotumika tangu asubuhi.

Wazazi wa rika langu wanakumbuka Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kutolewa shuleni mwaka 1979. Mpango huo ulikoma zamani, lakini ng'ombe wa Laikipia bado wanakamwa. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, au mala isiyotiwa sukari, chatosha.

Yai la kuchemsha na njugu karanga pia zafaa. Njugu zenye ukungu au uchungu zitupwe, zaweza kuwa na sumu. Na mtoto wa chini ya miaka mitano aliyemfuata ndugu yake uwanjani asipewe njugu nzima, maana zaweza kumkaba koo. Zisagwe kwanza.