Maumivu ya kisigino: sababu zake na namna ya kuyatuliza

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda hadi kwenye vidole. Ndio unaobeba uvungu wa mguu. Ukivutwa kupita kiasi, siku baada ya siku, huchakaa pale uliposhikamana na mfupa, na hapo ndipo yanapotoka maumivu mengi ya kisigino kwa watu wazima, hasa wenye miaka 40 hadi 60.

Katika eneo la Punia, kaskazini mwa Kindu, kazi nyingi huelemea miguu. Kuna wachimbaji wa kasiteriti (madini ya bati), wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kwenye njia za msituni, wanaotembea mwendo mrefu wakiwa na vikapu mgongoni, na wauzaji wanaosimama sokoni kutwa. Kandambili zilizoisha soli na buti za mpira zisizo na kitu laini ndani huongeza mzigo huo. Uzito mkubwa wa mwili, unyayo bapa na shavu la mguu lililokaza huongeza pia.

Mahali na saa ya maumivu huonyesha chanzo. Utando ukiumia, mtu huchomwa chini ya kisigino anapokanyaga mara ya kwanza asubuhi. Akitembea kidogo hupata nafuu, kisha maumivu hurudi jioni. Yakiwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, kano ya shavu la mguu ndiyo iliyoumia. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya mpira mara nyingi huumwa pale mfupa unapoendelea kukua. Kisigino kinachouma sana kikibanwa pande zote mbili, baada ya safari ndefu, huenda mfupa umepata ufa. Kinachowasha na kuwa na alama nyeupe yenye kitone cheusi kina funza: atolewe kwa sindano safi, kidonda kioshwe, na chanjo ya pepopunda iulizwe kwenye kituo cha afya.

Kwa utando na kano, dawa ya kwanza ni kunyoosha. Kabla ya kushuka kitandani, vidole vya mguu huvutwa kuelekea goti kwa sekunde 10, mara 10. Mchana, mikono huwekwa ukutani na mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini, kwa sekunde 30, mara 3. Jioni, unyayo huviringishwa juu ya chupa iliyojazwa maji baridi. Mizigo hupunguzwa, safari hukatwa kwa mapumziko, na viatu huwekewa kitambaa kinene au kipande cha sponji chini ya kisigino. Parasetamoli hutuliza. Ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo wala wajawazito.

Nafuu huja polepole, kwa wiki au miezi. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Kuchanja kisigino kwa wembe hakugusi utando huo, bali hufungua njia kwa vijidudu. Sindano ya kuchoma kisiginoni ni kazi ya daktari, kwa kuwa ikirudiwa yaweza kuudhoofisha utando hadi ukatike.

Kituo cha afya kitafutwe mapema ikiwa kuna homa, uvimbe mwekundu wenye joto, ganzi, maumivu yasiyoacha hata usiku, au mguu usioweza kukanyaga. Mwenye kisukari asingoje: kidonda kidogo kisiginoni chaweza kuenea bila yeye kuhisi.