Mechi Iliyouzwa, Kwa Mdomo wa Nani?

Ndugu zangu wanafunzi: darsa hii ilipangwa iwe juu ya kamari. Nimeigeuza kidogo, kwa sababu nina deni ndani yake.

Muhula uliopita timu ya chuo chetu ilifungwa mabao manne Tororo, katika mechi ambayo wengi wetu tulishaihesabu kuwa ushindi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani Busia, kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira karibu na mpaka. Alikuwepo mzee mmoja, golikipa hodari wa zamani aliyechezea timu za pande zote mbili, Uganda na Kenya. Mpaka leo akipita barabarani vijana wa bodaboda humpigia honi. Akasema mbele ya watu kwamba ile mechi iliuzwa na golikipa wetu alishalipwa. Nikamrekodi kwa simu. Kabla ya Isha sauti ile ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na aliyeituma ni mimi.

Golikipa huyo ni ndugu yetu katika imani. Jina lake silitaji, limeshatajwa vya kutosha. Kocha alimweka benchi bila kumwita wala kumuuliza. Yeye akaacha kuja swala ya jamaa, akawa anaswali chumbani.

Wiki tatu baadaye nilimrudia mzee. Nikamuuliza, "Mzee wangu, nani alimlipa?" Akacheka. "Mwanangu, nimekaa golini miaka kumi na tano. Lile bao la pili, mtu hadaki vile." Nikamuuliza kiasi cha pesa, siku, na aliyezibeba. Hakuwa na hata kimoja. Alichokuwa nacho ni macho, na macho yake ni mazuri, sibishani naye. Lakini macho yalimwonyesha mpira ukiingia wavuni. Pesa hayakuziona.

Jambo hili ni kubwa kuliko Busia. Wanaofuata kriketi wanaikumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 2 Aprili 2011, Mumbai, ambapo India iliifunga Sri Lanka. Julai 2017 Arjuna Ranatunga, nahodha aliyeipa Sri Lanka kombe hilo mwaka 1996, alisema hadharani kwamba ana shaka na fainali ile na akataka ichunguzwe. Aliongeza kwamba hawezi kufichua yote kwa wakati ule, ila siku moja atafichua. Nani angempuuza mtu kama huyo? Alikuwepo India siku ya mechi, na mchezo anaujua kuliko karibu kila aliyemsikiliza.

Juni 2020 aliyekuwa waziri wa michezo wakati wa fainali ile, Mahindananda Aluthgamage, alikwenda mbali zaidi: alisema mechi iliuzwa. Polisi wakaanza kazi. Kumar Sangakkara, nahodha wa 2011, alihojiwa kwa muda unaokaribia saa kumi. Aravinda de Silva, aliyekuwa mkuu wa wateuzi wa timu, naye alihojiwa. Mwanzoni mwa Julai uchunguzi ukafungwa kwa kukosa ushahidi. Hata waziri yule alishasema kwamba alichonacho ni shaka tu. Sasa jiulize: Sangakkara amesafishwa na nani? Hakushtakiwa, kwa hiyo hakuna hukumu ya kumwachia. Kila anapotajwa, yupo atakayekumbuka kwamba polisi walimhoji.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu kwa jirani zetu wa Kenya. Maurice Odumbe ndiye aliyekuwa nahodha Kenya ilipoishangaza West Indies mjini Pune mwaka 1996, na alikuwemo kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Alipotuhumiwa kuwa na uhusiano na mwendesha kamari na kupokea pesa zake, kesi ilipelekwa kwa Ahmed Ebrahim, jaji kutoka Zimbabwe. Mashahidi walisikilizwa, naye akajibu na kukana. Agosti 2004 alifungiwa miaka 5. Unaweza kuipenda hukumu ile au kuichukia. Lakini ilikuwa na mlango wa kutokea: miaka mitano ilipokwisha alirudi uwanjani, na mwaka 2018 akapewa kazi ya kuifundisha timu ya taifa. Golikipa wetu hakupewa miaka mitano wala wiki tano. Adhabu yake haina tarehe.

Mtaniambia Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari iletwayo na fasiki, na mzee wa watu si fasiki. Kweli, anaswali na anasaidia mayatima. Basi tuingie Suratun Nur, katika kisa cha uzushi aliozuliwa mama yetu Aisha (r.a.). Walioanzisha walikuwa wanafiki, ila miongoni mwa walioubeba alikuwemo Mistah bin Uthatha (r.a.), mtu aliyepigana Badr. Zingatieni hilo. Hakukuwa na heshima kubwa katika Madina kuliko kuwa mtu wa Badr, na heshima ile haikuyafanya maneno aliyoyabeba kuwa kweli. Aya ya 15 inasema walioipokea habari ile waliipokea kwa ndimi zao. Kwa kawaida habari hupokewa kwa masikio kwanza. Nilipoisoma aya hiyo usiku nilikikumbuka kidole changu juu ya simu: sauti ya mzee sikuisikiliza hata mara ya pili kabla ya kuituma.

Kisha tazameni aya ya 22. Abubakar (r.a.) alikuwa akimlisha Mistah, jamaa yake, akaapa kutompa tena. Aya ikashuka kuhimiza msamaha, akarudisha alichokikata. Kwa hiyo sitaki mtu aende Busia kumtukana mzee wetu. Utukufu wake wa zamani ni wake.

Ndugu mmoja wa kitivo cha sheria alinipinga kwa hoja nzito. Alisema tukidai ushahidi kwa kila anayesema, wauza mechi watastarehe, na Qur'ani imekataza kuficha ushahidi (Al-Baqara, 283). Yuko sawa, na uchafu huu upo karibu nasi. Februari 2020 FIFA iliwafungia miaka 4 wachezaji watatu wa Kakamega Homeboyz kwa njama za kupanga matokeo ya ligi ya Kenya, na Mganda mmoja aliyekuwa pamoja nao akafungiwa maisha. Katika kriketi kunyamaza kwenyewe ni kosa: Oktoba 2019 Shakib Al Hasan wa Bangladesh alifungiwa miaka 2, mmoja kati yake ukiwa wa masharti, kwa kutoripoti kwamba mtu wa kamari alimfuata. Hakuuza mechi. Alinyamaza.

Lakini Shakib alitakiwa amwambie nani? Aliwajibika kuwaambia wachunguzi, watu wanaoweza kuita mashahidi na kumsikiliza mtuhumiwa. Mafakihi wanatufundisha kwamba anayedai ndiye anayeleta uthibitisho, na anayekana ana kiapo. Kanuni hiyo inahitaji mtu wa kuisimamia. Kibandani hakuna kadhi, na kundi la WhatsApp lina makadhi mia mbili na kitu, wote wanahukumu kabla ya mtuhumiwa kufungua mdomo.

Wanavyuoni hutofautisha ghiba, yaani kumsema mtu kwa lililomo ndani yake, na buhtani, yaani kumzulia lisilokuwemo. Mimi hadi leo sijui nilifanya lipi kati ya hayo mawili, na bado nilituma.

Nilikwenda chumbani kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini waliosikia utawafuata vipi? Wengine wako Kenya." Nikaandika kundini kwamba sina ushahidi wowote na sauti ile ifutwe. Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika mbili: golikipa amenilipa shilingi ngapi?

Sasa ninawafuata mmoja mmoja. Nimefikia watu thelathini na wanne. Mzee naye nimemwomba, kama kuna analolijua, twende pamoja kwa viongozi wa ligi akalieleze huko. Amesema atafikiria. Ndugu msomaji, kama sauti ile ilikufikia, ifute, kisha unitajie uliyempelekea. Nipo msikitini kila siku baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.