Kupanga Njia ya Kuwafikishia Wananchi Matokeo ya Utafiti: Mfano wa Kichaa cha Mbwa Mkoani Mara

Mwalimu mwanafunzi anapotayarisha andalio la somo hujiuliza kwanza: kipindi kitakapokwisha, mtoto ataweza kufanya jambo gani ambalo hakuliweza alipoingia darasani? Swali hili husahauliwa mara nyingi na wale wanaofanya utafiti kwa fedha za umma. Hupima, huhesabu, huandika taarifa. Kisha, fedha zikiwa karibu kwisha, huchapisha vikaratasi na kuvigawa. Mwananchi aliyetoa kodi yake, na pengine aliyetoa mbwa wake apimwe, haambiwi lolote analoweza kulitumia. Hali Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ilipewa pia kazi ya kueneza habari za sayansi. Kueneza ni sehemu ya kazi yenyewe, na hapana budi kupangiwa watu, muda na fedha tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa jirani. Mwaka 1996 watafiti walianza kuchanja mbwa katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 miongoni mwa mbwa wa wilaya hiyo. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa wakapungua pia. Katika Wilaya ya Musoma, ambako mbwa hawakuchanjwa kwa mpango huo, ugonjwa haukupungua hivyo.

Je, mzazi wa Sirari afanye nini na tarakimu hizo? Kwake asilimia 70 ni sauti tu. Lakini ukimwambia kwamba katika kila mbwa kumi wa kitongoji yafaa angalau saba wawe wamechanjwa, ataanza kuwahesabu wa jirani zake. Ukimweleza tena kwamba mbwa huzaliwa na kufa upesi, hata saba wa mwaka huu wakawa watano mwakani, ataelewa kwa nini bwana mifugo hurudi kila mwaka. Huku ndiko kufasiri utafiti, na mwalimu wa hesabu wa Darasa la Tano anaweza kukufanya vizuri kuliko mtafiti.

Jambo moja laweza kuhitaji kusemwa kwa namna tofauti kwa watu tofauti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa, hata ikikaa miezi sita katika joto la nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30, bado humkinga mbwa. Kwa bwana mifugo habari hii ni kubwa: anaweza kuiweka chanjo hiyo katika kijiji kisicho na jokofu. Kwa mwenye mbwa maana yake ni kwamba chanjo yaweza kumfikia karibu na nyumbani. Lakini kwa mhudumu wa zahanati ni lazima kuongeza sentensi moja: chanjo ya binadamu haimo katika habari hii, nayo hukaa katika baridi kama kawaida. Anayepanga tangazo asipoifikiria zahanati, habari njema yaweza kuleta msiba.

Nami niliwahi kukosea. Nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, niliandika ubaoni wakati wa kufunga shule: "Kesho leteni mbwa wachanjwe." Kesho yake walikuja mbwa wachache mno. Mbwa walinzi walikuwa machungani na ng'ombe tangu alfajiri. Watoto wa mbwa waliachwa nyumbani, kwa sababu nilisema "mbwa", na wazee wakaamua kwamba wadogo hawafai kuchomwa sindano. Kumbe wadogo nao huchanjwa, hata wenye umri chini ya miezi mitatu. Msichana mmoja alikuja analia. Mbwa wake alimponyoka njiani kwa kukosa kamba. Laiti ningeuliza siku tatu kabla ni nani huwashika mbwa, na ni saa ngapi huwa nyumbani, tangazo langu lingekuwa jingine kabisa.

Taifa hili lina mfano mzuri zaidi ya wangu. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walisikiliza redio kwa vikundi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walifunzwa kabla vipindi havijaanza. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

Sirari ina jambo lake zaidi. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, nchini Kenya, na Wakurya wanaishi pande zote mbili. Mbwa havuki kwa kibali. Kenya nayo ilijiwekea mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030. Kwa hiyo tangazo la Sirari lisilosikika Isebania ni nusu ya tangazo. Lisemwe kwa Kiswahili, na bibi asiyekizoea Kiswahili aelezwe kwa Kikurya. Mjukuu wake wa shule aweza kuwa mkalimani, mradi amefundishwa maneno yenyewe, si kubahatisha.

Maneno yasiyovumilia kubahatishwa ni haya. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishajitokeza, mgonjwa karibu daima hufa. Watoto wengi huficha kuumwa kwa kuogopa kupigwa, hasa kama walimchokoza mbwa. Basi darasani mwalimu aseme waziwazi kwamba anayesema hapigwi, na awaambie wazazi vivyo hivyo katika mkutano wa shule.

Zoezi. Nendeni wawili wawili katika vitongoji vitatu vilivyo karibu na chuo. Ulizeni kila kaya ina mbwa wangapi, wakubwa na wadogo, nani huwashika, na tangazo la mwisho la chanjo walilisikia kwa nani. Kisha andikeni tangazo lisilozidi maneno 40, mlisome mbele ya mzee mmoja na mtoto mmoja wa Darasa la Tatu, na kila mmoja awarudishie kwa maneno yake mwenyewe. Leteni darasani tangazo la kwanza na lile mliloandika baada ya kuwasikiliza.