SOMO LA MWEZI: HARUFU YA CHOO CHOMBONI

Msomaji, upakiapo magunia yako Mokowe, huuliza nauli na hali ya upepo. Choo cha chombo huulizi. Uliza. Unga na nafaka hushika harufu upesi, na mnunuzi hunusa kabla ya kupima.

Majahazi ya zamani hayakuwa na taabu hii. Choo kilikuwa sanduku lililoning'inizwa nje ya tezi, yote yakaanguka baharini. Lakini vyombo vingi vya siku hizi vitiavyo nanga Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, vina choo cha ndani chenye pampu, mipira na tangi.

Je, harufu hutoka wapi? Wengi husema ni kinyesi tu. Mara nyingi ni maji ya bahari yenyewe! Yana viumbe vidogo visivyoonekana, na chumvi iitwayo salfeti. Yakilala ndani ya mpira siku kadhaa, viumbe hao hufa na kuoza, hewa huisha, na bakteria wasiohitaji hewa huigeuza salfeti kuwa gesi inukayo kama yai viza. Wa kwanza kupiga pampu asubuhi huipata yote usoni. Wewe mkulima walijua jambo hili: samadi iliyolowa na kukosa hewa hunuka, ukiichanganya na majani makavu na kuipindua, harufu hupungua.

Basi nahodha asiache maji ya chumvi chooni. Kabla ya kuteremka apitishe maji ya kisima mpaka mpira wote ujae. Tundu la pumzi la tangi lisizibe. Kisha ausugue mpira kwa nje na kitambaa cha maji moto, akinuse kikipoa: kikinuka, harufu imekwisha kuupenya mpira, na dawa ni kununua mwingine. Udi na marashi ni kujidanganya.

Katika mashua isiyo na mabomba, ndoo yenye kifuniko yatosha. Mkojo uwe mbali, na haja kubwa ifunikwe kila mara kwa majivu au makumbi makavu yaliyopondwa. Ufikapo bara, zika mbali na kisima, wala usitie katika mboga.

Tena gesi ile huua. Ikizidi, pua haiisikii tena. Mtu asiingie katika tangi wala ngama iliyofungwa. Na mwenzake akianguka humo, asimfuate, bali afungue milango yote, aite msaada wa watu wenye vifaa vya kupumulia.