Mwalimu amekata kila "mimi" kwa wino mwekundu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tano, mchepuo wa HKL. Nina kauntabuku ambamo nabandika habari ninazokata magazetini, kisha pembeni naandika zilivyonigusa. Ya kwanza ilikuwa ya maporomoko ya Katesh, Disemba 2023. Ukurasa ule mjomba alikuja nao nyumbani umefungia maandazi. Siku hizi naandika na vitabu ninavyosoma.

Juzi tulipewa insha juu ya riwaya ya Vuta N'kuvute. Nikajaza kurasa mbili jinsi nilivyomchukia mjomba wake Yasmin kwa kumfukuza mpwa wake. Mwalimu kakata kila "mimi" na kuandika: "Umeulizwa mwandishi, hukuulizwa wewe." Nimepata 9 kwa 20. Bwenini wananiita Mtangazaji.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Watu wa Katesh, nisiowajua, niliwaandikia kurasa nne. Mjomba wangu, niliyeishi kwake tangu darasa la tano, alipofariki mwezi Machi sikuandika hata mstari. Je, mimi ni mnafiki? Nilichome moto daftari hili?

Mwenye Daftari, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Kiberiti kirudishe jikoni.

Nianze na mwalimu, maana hilo la alama ndilo jepesi. Swali la insha likiuliza mwandishi amefanya nini, msahihishaji anataka kumwona Shafi Adam Shafi akiwa kazini. Hapo mwalimu wako amesema kweli. Hata hivyo hasira yako haikuwa kosa, ila umeipakua haijaiva. Rudi kitabuni ukaitafute ilikoanzia. Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Raza, mtu wa makamo ya baba yake au zaidi. Anaikimbia ndoa ile, anakwenda kwa ndugu wa damu, na ndugu anamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo asiye na nasaba naye hata kidogo. Umeona alichofanya Shafi? Kauweka mlango uliofungwa na ndugu jirani kabisa na mlango uliofunguliwa na rafiki, na wewe uliyekuwa ukisoma ukapita katikati ya milango hiyo miwili. Ndicho kilichokuchemsha damu. Basi badala ya kuandika "nilimchukia mjomba," andika kwamba mwandishi anamfanya msomaji amchukie mjomba, kisha onyesha kwa njia gani, ukitaja tukio na maneno yaliyosemwa. Hasira itakuwa ni ile ile, safari hii imekuja na mashahidi wake.

Daftari lakini si insha, na humo hakuna anayekutoza alama. Wanaokuita Mtangazaji waache waite. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni, hakwenda vitani, lakini habari za vita vya 1939 hadi 1945 zilimwingia mpaka akazitungia utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Uhuru, mrefu wa kumchosha msomaji mvivu. Naye watu waliokufa huko mbali hakuwajua kwa sura.

Ninalokuomba ni moja, na naliomba kwa sababu lilinishinda mimi. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Nilikuwa mwanafunzi hapo Mwanza, nami nilikuwa na daftari kama lako. Nimelitunza. Siku ile niliandika kwamba moyo wangu umejaa huzuni isiyo kifani, nikaendelea hivyo hivyo ukurasa mzima. Jina la meli sikuliandika. Tarehe sikuiandika. Jirani yetu mmoja alikuwa akitoka kila alfajiri kwenda bandarini na kanga mpya ameikunja kwapani, ya kumsitiri mdogo wake atakapotolewa majini. Siku nne mfululizo alirudi nayo. Hilo nalo sikuliandika, niliona ni dogo mbele ya huzuni yangu. Leo huzuni ile siioni mahali popote kwenye ukurasa ule, na kanga ile sikumbuki hata ilikuwa na maneno gani. Nimejaribu mara nyingi.

Kwa hiyo kabla hujaandika kilivyokugusa, andika kilichotokea: lini, wapi, nani kasema nini. Habari ya Katesh, kwa mfano: mvua kubwa, tope na mawe yakashuka kutoka Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Ukishayaweka hayo, ndipo uandike machozi yako, nayo yatakuwa na pa kusimama.

Sasa mjomba wako. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona msichana aliyekasirishwa na alama. Mara ya tatu ndipo nikaona kuwa kurasa zile mbili za hasira uliziandika baada ya Machi. Umemsoma mjomba aliyemfungia mlango mpwa wake, na wewe umelelewa na mjomba aliyekufungulia. Ungeacha kukasirika vipi? Mwanangu, mimi sidhani kwamba hukumwandika. Nadhani ulianza kumwandika kwenye insha ile, mwalimu asijue, nawe usijue.

Unafiki haupo hapo. Wa mbali ni rahisi kuwaandika kwa kuwa unasoma habari zao zikiwa zimeshapangwa, zina mwanzo na mwisho. Wa nyumbani anakujia vipande vipande, kikohozi chake ukumbini, kiatu chake mlangoni, na kila kipande kinauma kivyake. Usijilazimishe, na usimtungie sifa za kaburini. Kama bweni halina wa kulia naye, mpigie mama yako. Huyo aliyekufa ni kaka yake, na huenda naye anasubiri mtu wa kulianzisha.

Siku utakayokuwa tayari, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Ile karatasi iliyofungia maandazi haikosi doa la mafuta. Lizungushie kalamu, kisha andika pembeni ilikuwa siku gani, maandazi yalikuwa mangapi, na mjomba alisema nini alipokupa.