Fedha Iliyo Benki Si Yote ya Kutumia

SWALI: Nimechaguliwa mjumbe wa bodi ya jumuiya ya kutunza mayatima. Mhazini hutusomea hesabu, nasi huitikia tu. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, anza na mizania, waraka uonyeshao mali na madeni ya jumuiya kwa siku moja maalumu, kabla hujaitazama taarifa ya mapato na matumizi, ambayo ni habari ya mwaka mzima. Katika mizania itafute fedha taslimu, kisha umuulize mhazini, kwa adabu lakini bila ya haya, ni kiasi gani kilichotolewa na wafadhili kwa sharti. Kwani jumuiya yaweza kuwa na shilingi milioni 40 benki, na milioni 35 katika hizo zikawa ni amana ya kuchimbia kisima, ambayo si halali kulipia mishahara wala kodi ya nyumba. Zilizobaki, milioni 5, zigawanye kwa gharama za mwezi: zikiwa milioni 2 na nusu, basi uhai wenu ni miezi miwili, hata taarifa ikionyesha ziada kubwa namna gani. Maoni ya mkaguzi yasome mwenyewe, usisomewe. Na hesabu usiyoifahamu, tafadhali, usiitie sahihi.