Ramani ya Sauti na Msamiati wa Milio: Mfano wa Kibugu

Ramani ya sauti huonyesha mahali na wakati ambapo kila mlio husikika. Uchunguzi huu ulipata umaarufu kupitia R. Murray Schafer wa Kanada, mwandishi wa *The Tuning of the World* (1977). Huko Kibugu, Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mchunguzi atanasa mvumo wa upepo kwenye michai, mchakacho wa majani makavu na mtutumo wa radi. Hata hivyo, kinasa sauti huhifadhi mlio, si jina lake. Asiyelijua neno ‘mchakacho’ ataandika ‘kelele’ tu. Hivyo basi, kila alama ya ramani yafaa iambatane na neno la Kiembu na la Kiswahili. La sivyo, wajukuu watarithi sauti wasizoweza kuzitaja.